Simama, Inama: Baba Yangu na Milango Mitatu ya Hospitali

Kwenye fishi ya baba yangu, yaani kadi yake ya hospitali, chini ya tarehe ya wiki ya tatu ya mazoezi, kijana wa kinezi, yaani wa mazoezi ya viungo, alikuwa ameandika kwa Kifaransa sentensi fupi ambayo kwa Kiswahili ni hii: mgonjwa hafuati maagizo. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye benchi la saruji nje ya chumba cha mazoezi, katika hospitali moja ya umma ya hapa Lubumbashi ambayo sitaitaja jina, na hasira iliyonipanda ilikuwa na aibu ndani yake. Niliona mzee wa miaka 71 ameandikwa kama mtoto mtukutu. Lakini ukweli ni kwamba mimi mwenyewe, nyumbani, nilikuwa nimekwisha kuanza kumfikiria vivyo hivyo.

Baba ni fundi wa bati. Kwa zaidi ya miaka 40 ametengeneza mbabula (majiko ya makaa), ndoo, masanduku na sufuria katika kibanda chake karibu na soko la Kenya. (Kenya ninayoitaja ni komini, yaani mtaa mkubwa wa mji wetu, ndugu zetu wa mbali hushangaa nikiwaambia kwamba baba yangu anafanya kazi Kenya na jioni anarudi nyumbani kwa miguu.) Wanaopika kwa makala, yaani makaa, wanajua kwamba mbabula nzuri haijulikani kwa rangi yake, inajulikana kwa tundu za chini, ambazo lazima zitobolewe moja moja kwa msumari na nyundo ili hewa ipande sawasawa na majivu yashuke bila kuchukua moto. Mbabula moja ina tundu nyingi, na kila tundu ni pigo. Wakigonga mafundi wanne chini ya paa moja la bati, mtu anayepita barabarani huziba masikio kwa mikono. Sisi watoto wake tulilelewa katika kelele hizo na tulijifunza kuzungumza kwa kupaza sauti, kiasi kwamba nilipoolewa mume wangu aliniuliza kwa upole kwa nini nilikuwa ninamgombeza kila siku.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, katika ile baridi yetu ya kiangazi inayowafanya watu wavae makoti hadi saa nne, mkono wake wa kushoto uliliachia bati. Hakuanguka. Aliendelea kushika nyundo kwa mkono wa kulia na kuutazama ule mwingine kama kifaa cha mtu mwingine, hadi mmoja wa vijana wake alipoona mdomo umeenda upande. Ilikuwa ni kiharusi, kilicholetwa na shinikizo la damu ambalo yeye alikuwa akilitibu kwa kulisahau. Siku za mwanzo, za wodi na dripu, sina mengi ya kuziandika, kwani zilienda kama zinavyokwenda popote: wauguzi walikuwa wachache, sisi tulikuwa wengi, na Mungu hakutuacha. Daktari alitueleza kwamba upande wa kulia wa ubongo ndio ulioumia, ndiyo sababu mkono na mguu wa kushoto ulikuwa mzito, na kwamba maneno yake yalikuwa mazito kwa sababu ya misuli ya mdomo, wala si kwa sababu akili imepotea. Sentensi hiyo ya mwisho ningepaswa kuishika kwa mikono miwili. Niliisahau ndani ya mwezi mmoja.

Kinezi ndilo jina tunalolitumia hapa kwa matibabu ya kurudisha viungo katika mwendo wake, na kwa mgonjwa wa kiharusi kazi hiyo haisubiri. Ubongo ulioumia hauoti upya mahali palipokufa, lakini sehemu zilizo jirani zinaweza kufundishwa kuchukua kazi iliyoachwa, na mafundisho hayo huingia vizuri zaidi katika miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza, kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi kupita uvumilivu wa mtu wa kawaida. Mgonjwa hufundishwa kugeuka kitandani, kukaa, kuinuka, kuweka uzito kwenye mguu usioaminika. Familia nayo hufundishwa, na jambo la kwanza tuliloambiwa ni kwamba tusimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwa sababu bega ambalo misuli yake imelegea huteguka kwa urahisi na maumivu yake hukaa muda mrefu. Tulikuwa tumemvuta hivyo kwa wiki nzima, kwa mapenzi makubwa.

Kijana wa kinezi alikuwa mtu mwema; ninalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya aonekane vingine. Alikuwa na wagonjwa wengi, jozi moja ya vyuma vya kutembelea katikati, baiskeli ya mazoezi iliyokosa pedali moja, na barakoa ambayo tangu enzi za korona hakuwahi kuiacha. Alisimama nyuma ya baba, akamshika mkanda wa kiunoni kama inavyotakiwa ili asianguke, na kutoka huko nyuma, nyuma ya barakoa, akasema: "Muzee, simama." Baba akainama. "Hapana, muzee. Simama." Baba akainama zaidi, akalegeza goti, na laiti si ule mkanda angelipiga paji la uso kwenye chuma. Jambo hili lilirudiwa siku ile, na siku iliyofuata, na siku nyingine tena, hadi likaandikwa kwenye fishi.

Aliyelifumbua fumbo hakuwa mtu wa kinezi wala daktari wa wodi. Alikuwa muuguzi wa meno.

Tulikuwa tumekwenda huko kwa jambo jingine kabisa. Baba alikuwa amebakiwa na visiki vinne vya meno, masalia ya miaka mingi ya kung'oa nusu na kuacha nusu, na kimoja kilikuwa kimevimbisha fizi ya upande ule ule uliopooza, ambako hakuwa akisikia maumivu vizuri. Chakula kilikuwa kinabaki kwenye shavu hilo bila yeye kujua. Unaweza kumkuta saa kumi jioni na bukari (ugali) ya mchana ikiwa bado imejificha pale. Nilikuwa nikidhani ni jambo la usafi tu. Daktari wa meno alinieleza kwamba kwa mtu ambaye kiharusi kimemharibia umezaji, mdomo mchafu ni hatari ya mapafu, kwa sababu mate na mabaki yenye vijidudu yanaweza kuteleza kwenye njia ya hewa badala ya ile ya chakula na kuleta nimonia, na nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayowaua watu ambao kiharusi chenyewe kiliwasamehe. Kwa hiyo mswaki wa asubuhi na wa jioni, pamoja na kidole kilichovikwa kitambaa safi kupita ndani ya shavu, ni sehemu ya matibabu kama vidonge vilivyo. Hakuna aliyekuwa ametuambia hivyo katika wodi.

Muuguzi, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alishusha barakoa yake ili kumuuliza baba kama anakunywa aspirini. (Swali hilo ni la lazima, kwani dawa hiyo hupunguza kuganda kwa damu, na jibu lake ni kumwambia daktari wa meno, kamwe si kuacha vidonge kwa uamuzi wako mwenyewe.) Baba alijibu vizuri, akataja hata rangi ya pakiti. Kisha muuguzi akamgeuzia mgongo ili achukue glovu, akamuuliza anaishi komini gani. Kimya. Aliporudi mbele akarudia, baba akasema Katuba. Mama yule alinitazama mimi.

"Mama, huyu muzee anasoma midomo yangu. Masikio yake mliyapeleka kwa nani?"

Hatukuwa tumeyapeleka kwa mtu. Nyumbani tulikuwa tumezoea kusema kwamba baba ana kiburi, kwamba anasikia anachotaka, na kwamba tangu augue amekuwa mtu wa kujitenga kwenye kiti chake chini ya mwembe. Mimi nilikuwa nimekwenda mbali zaidi na kumnong'oneza dada yangu kwamba labda kichwa nacho kimeguswa.

Mlango wa O.R.L., yaani masikio, pua na koo, ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na kufika kwake kulihitaji fishi nyingine, dirisha jingine la malipo na siku nyingine. Nikiruhusiwa kulalamika mara moja tu katika makala hii, ninalalamikia hapo. Kila mlango ulikuwa na kitabu chake, na hakuna kitabu kilichojua habari za kingine: kwa kinezi baba alikuwa mguu wa kushoto, kwa meno alikuwa visiki vinne, na huku alikuwa namba 17 asiye na historia yoyote, ikabidi nianze tena kusimulia habari ya Julai.

Daktari wa masikio alichungulia kwanza kwa kile kidude chenye taa, akacheka kidogo. Masikio yote mawili yalikuwa yamejaa nta iliyokauka, iliyosukumwa ndani kwa miaka kwa vijiti vya kiberiti na kwa msumari ambao baba aliutumia, kwa maelezo yake mwenyewe, "upande wa kichwa tu." Tulipewa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha baba akarudi kusafishwa kwa bomba la maji. Maji hayo lazima yawe na joto la mwili, nyuzi 37 hivi, kwani yakiwa ya baridi au ya moto hukivuruga kile kiungo cha ndani kinachosimamia mizani ya mwili, na chumba chote humzunguka mgonjwa. Kwa mtu anayejifunza upya kusimama hilo ni jambo la kuangaliwa sana. Kilichotoka sitakieleza. Baba alikitazama kwenye bakuli la chuma kwa muda mrefu kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

Kisha daktari akachukua kile chuma chenye pembe mbili kama uma, akakigonga kwenye kiwiko chake, akakiweka nyuma ya sikio na halafu mbele yake. Kipimo hicho ni cha zamani, cha karne ya 19, na kinafanya kazi hata umeme ukiwa umekatika, kama ulivyokuwa umekatika siku hiyo: sauti ikisikika zaidi kwa kupitia mfupa kuliko kwa kupitia hewa, kasoro iko kwenye njia, yaani nta, ngoma ya sikio au vile vifupa vitatu vidogo, ikisikika zaidi kwa hewa na bado mtu hasikii vizuri, kasoro iko ndani zaidi. Baba aliomba akishike. Alikigonga kwa ukucha, akakisikiliza kwa meno, maana mifupa yake ilikuwa bado inasikia, akasema kwamba hiki si chuma cha hapa sokoni.

Kipimo kikubwa kilisubiri umeme wa Alhamisi. Walimweka katika kachumba kadogo kalikobandikwa sponji ukutani, wakamvisha vipokea sauti, wakamwambia ainue mkono kila anaposikia mlio, hata ukiwa hafifu. Mimi nilikaa nje nikimtazama kwa dirisha la kioo. Milio mizito ilipopita, mkono wa kulia ulipanda mara moja. Milio ilipozidi kuwa myembamba, mkono ulianza kuchelewa. Ikafika mahali ambapo mashine ilikuwa inalia, nikiona taa yake ikiwaka na kuzimika, na baba amekaa ametulia, mikono magotini, akisubiri waanze.

Daktari alinionyesha karatasi. Mstari ulianza juu vizuri, ukateremka taratibu, kisha karibu na hezi 4,000 (kipimo cha wembamba wa sauti) ukatumbukia kama shimo la barabarani. Shimo hilo, alisema, ni sahihi ya kelele: wanalo wachimba migodi, wanalo askari, wanalo mafundi wa bati. Ndani ya sikio, katika kile kiungo kilichojikunja kama gamba la konokono, mna chembe zenye vinyweleo takriban 15,000 zinazopokea mtikisiko wa sauti, nasi huzaliwa nazo zote. Zikifa hazioti tena. Kanuni inayotumika viwandani ni desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda wa usalama hupungua kwa nusu, hivyo ukifika desibeli 100, ambazo nyundo juu ya bati huzifikia bila shida, muda huo unabaki dakika 15 tu kwa siku. Baba alikuwa akipiga kuanzia saa moja asubuhi.

Nilimuuliza daktari inakuwaje basi baba ananisikia nikimwita jina, na hasikii ninachomwambia baadaye. Jibu lake ndilo lililoniondolea miezi ya dhambi. Sauti za a, o na u ziko katika sehemu nzito ambayo baba bado anayo. Sauti za s, f na sh ziko juu, ndani ya shimo. Kwa hiyo anasikia kwamba mtu anasema, anasikia urefu wa neno na wimbo wake, lakini kingo za maneno zimekatwa. Nikalijaribu pale pale kichwani. Simama, ukiiondolea s, inabaki imama. Na imama, kwa mzee aliyepewa amri kutoka nyuma ya mgongo wake na mtu aliyefunika mdomo, ni nini isipokuwa inama? Baba alikuwa amefuata maagizo yote. Alikuwa amejitahidi kuinama kwa mguu uliopooza, siku baada ya siku, na kugombezwa kwa kuinama.

Si yeye peke yake, bila shaka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilihesabu watu bilioni 1.5 wenye upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na milioni 430 kati yao wanaohitaji huduma za kurekebishiwa usikivu. Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, takriban asilimia 78 zina daktari wa masikio, pua na koo asiyefikia hata mmoja kwa kila watu milioni moja. Ninapoziona namba hizo ninaona namba 17 ya baba, na ninakiri kwamba kumpata daktari yule nyuma ya mlango ule, akiwa na uma wake, ilikuwa bahati ambayo wengi hawana. Hata hivyo huduma hizi tatu, kinezi, meno na O.R.L., bado tunazitazama kama vyumba vya uani. Mwaka 2023 serikali ilipozindua Kinshasa mpango wa kujifungua bure, nilifurahi kama mama wa watoto watatu. Lakini jino, sikio na mguu bado vinasubiri zamu yao, kwa sababu havipigi king'ora usiku. Mtu asiyetafuna, asiyesikia na asiyetembea haandikwi kati ya waliokufa. Huondoka tu polepole kwenye mazungumzo, hadi wenyeji wakaanza kumzungumzia mbele yake.

Nilirudi kwa kijana wa kinezi na ile karatasi. Niliandaa maneno makali njiani, nikayaacha mlangoni, kwa sababu aliitazama karatasi, akaitazama fishi yake, akaketi. Kisha akachukua kalamu nyekundu na kuandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili safari hii, ili hata mwanafunzi wa stashi, aliye kwenye mafunzo ya kazi, asome: "Muzee hasikii sauti nyembamba. Simama mbele yake. Ondoa barakoa." Alibadilisha na maneno. Badala ya simama alianza kusema "juu!" akiinua kiganja, na badala ya inama "chini!", maneno ambayo irabu zake hazifanani hata kwa kiziwi. Siku ya pili baba alisimama mara nane. Mara ya tisa alisema amechoka, na hilo nalo lilikuwa agizo, safari hii kutoka kwake.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kurudiarudia, na siwezi kuifanya ivutie. Visiki viling'olewa viwili viwili kwa ganzi, fizi zikaachwa zipone kwa wiki kadhaa, kisha ikaja siku ya kuchukua umbo: unga uliochanganywa na maji hadi ukawa kama uji mzito, ukajazwa ndani ya sahani ya chuma, ukabanwa kwenye kaakaa hadi ukaganda. Baba, aliyejaza chokaa na nta katika vyombo maisha yake yote, alitaka kujua unachukua dakika ngapi. Meno ya juu yalipofika, jambo nisilolitarajia lilitokea. Tangu augue alikuwa hawezi kutamka f wala v, kwa kuwa sauti hizo huhitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na mtu akimuuliza kazi yake alijibu "hundi." Alipoyavaa mbele ya kioo alifunga mdomo, akaufungua, akasema polepole: "Fundi." Muuguzi mwenye miwani ya uzi akapiga makofi mara moja, kisha akamkumbusha ayatoe usiku na kuyaweka ndani ya maji.

Kwa mkono wa kushoto, kijana wa kinezi aliacha mpira wa sponji na kuniomba nilete kipande cha bati. Alimkalisha baba mezani, akamwekea bati mkono wa kushoto na nyundo ya mbao mkono wa kulia, na kazi ikawa kulizungusha kidogo baada ya kila pigo, kama alivyofanya miaka yote. Mkono uliokataa mpira ulikubali bati. Haukukubali vizuri, na mara nyingi ulidondosha. Lakini vidole vilijua upande wa kushika. Kabla ya pigo la kwanza kijana alimpa baba vizibo vya masikio, naye akavitazama kama mtu anayeletewa mwavuli mvua ikiwa imekwisha kunyesha. Vijana wa kibanda cha Kenya, angalau, sasa wanafanya kazi wamejaza pamba, ingawa pamba haitoshi na nimewaambia hivyo.

Kifaa cha kusikia tulikipata baada ya ndugu kuchangishana, kimoja, cha sikio la kulia. Betri zake ni vidonge vidogo vyenye karatasi ya rangi ya chungwa. Ukiibandua, hewa inaingia na betri inaanza kuisha utumie usitumie, kwa hiyo baba huiacha karatasi hadi dakika ya mwisho. Anakivaa Jumanne kwa kinezi, Jumapili kwa misa, na jioni wajukuu wakiwapo. Tukianza kuhesabu gharama anakizima. Alhamisi tunarudi kwa meno, kwa sababu bamba la chini linamkwaruza upande wa kushoto na yeye, ambaye zamani hakuwa akisikia chochote upande huo, analalamika kwamba linauma.